Matembezi ya Jaji Mercieca pale Valletta, nawashauri mfanye

Kama unapita Malta usiishie kwenye zile ziara za mashujaa wa Vita vya Msalaba tu. Kuna mwongozaji tuliyempata Valletta, mji mkuu, anakutembeza kwa miguu akimfuata mtu mmoja, Sir Arturo Mercieca, na kwa sisi wa Afrika Mashariki hii ndo ya kulipia, utaona kwa nini.

Mzee alizaliwa kisiwa cha Gozo, hukohuko Malta, 1878, akawa wakili na mwanasiasa upande wa waliotetea Kiitaliano, kisha jaji, na 1924 akapewa ujaji mkuu. Mnaanzia Republic Street kwenye jengo la mahakama lenye nguzo sita. Dada mwongozaji alifafanua vizuri kwamba hilo ni jipya, lile alilofanyia kazi Mercieca, Auberge d'Auvergne, lilibomolewa na mabomu 1941. Hapo alitulia, akaeleza ugomvi wa lugha mpaka Kimalta kikachukua nafasi ya Kiitaliano mahakamani 1934, yaani hata asiyejua sheria anaelewa.

Halafu Juni 1940 Italia ikaingia vitani dhidi ya Waingereza, waliokuwa wanatawala Malta, nao wakawashuku waliopenda Kiitaliano: jaji mkuu mzima akalazimishwa kujiuzulu, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa kosa lolote, na Februari 1942 wakampakia melini yeye na Wamalta wengine zaidi ya 40 akiwemo mwanasiasa Enrico Mizzi, wakapitishwa Misri mpaka Uganda, mkewe na bintiye nao wakaenda. Hii mlisimuliwa shuleni nyie? Mimi sikuwahi kuisikia, na iliniuma sana kusikia kwamba baadaye mwaka huohuo mahakama ya rufaa Malta ilisema kuwahamisha vile hakukuwa halali, wao wako mbali huko.

Kinachopunguza nyota ni mwisho. Pale bustani ya Upper Barrakka, bandari yote iko chini yako, Uganda ikapewa dakika chache tu, "walikaa kambini, wakarudi 1945", basi. Bombo, kambi waliyowekwa huko Uganda, haikutajwa mpaka nilipouliza mwenyewe, wakati kwa mgeni anayetoka kwetu ndo kiini chenyewe. Ila alipoulizwa alijibu kwa moyo, akatuambia na Mizzi aliyerudi akaja kuwa waziri mkuu wa Malta 1950 akafia ofisini.

Bei iko juu kidogo, ngazi ni nyingi na jua kali, kwa hiyo chukua ya asubuhi na uwaambie mapema mnataka Uganda isimuliwe kwa kirefu. Nyota nne.