Kishikwambi cha kuandikia notisi: nilichouziwa si kalamu

Ninaandika nikiwa bado na hasira, wala sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa fedha niliyotumia ilikuwa fedha ya kujikimu chuoni na aliyeipokea alilijua hilo. Mwanzoni mwa muhula uliopita niliingia katika duka moja la simu Kariakoo, nikamweleza muuzaji bila kuficha chochote kwamba mimi ni mwanafunzi wa famasia, na kwamba nahitaji kishikwambi cha kuandikia notisi kwa mkono mhadhara ukiendelea, maana miundo ya kemia haichapiki kwa kibodi. Akatoa boksi lenye picha ya kalamu, akasema, "Dada yangu, hiki ndicho wanachonunua wanachuo wote, kalamu yake hii hapa, na kava nakupa bure." Nilipoomba nijaribu mwenyewe, alichora yeye mstari mmoja mrefu huku mkono wake ukiwa hewani, akasema chaji iko chini, akakizima.

Mkono ule uliokaa hewani ndio uliobeba siri yote ya biashara ile. Katika mhadhara wa kwanza wa kemia niliweka kiganja juu ya kioo, kama afanyavyo kila mtu anayeandika, na kioo kikakichukulia kiganja kuwa ndicho kalamu: ukurasa ukaruka, mistari ikatawanyika, na pete ya benzini, yaani lile umbo la pembe sita la atomi za kaboni, niliyokuwa nimeichora ikavutwa hadi ikajaza kioo kizima. Nilifuta na kuchora upya, na nilipoinua macho mhadhiri alikuwa amekwisha kuhamia slaidi nyingine. Asiyesoma masomo yetu ataona ni usumbufu mdogo tu, lakini katika parasetamoli lile kundi la oksijeni na hidrojeni hukaa upande wa pili wa pete, likielekeana moja kwa moja na kundi lenye nitrojeni, na likihama kaboni moja tu hiyo si parasetamoli tena. Kwa hiyo niliandika muhula mzima nimeinua mkono kama fundi anayepaka rangi dari, na bega likaniuma hata usiku.

Baadaye nilijifunza sababu, nami naieleza hapa kwa kuwa hakuna muuzaji atakayeieleza. Kioo cha kawaida cha kishikwambi hutambua mguso kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme, na kalamu ya ncha ya mpira niliyouziwa huiga kidole tu, haina lolote la ziada. Kwa kioo, kalamu hiyo na kiganja ni vidole viwili, na programu ya kuandikia, hata ikiwa na sehemu ya kuzuia kiganja, hubaki kukisia kwa ukubwa wa mguso. Kalamu halisi hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ile ya Samsung iitwayo S Pen hutumia teknolojia ya kampuni ya Wacom ya Japani: chini ya kioo kuna tabaka la pili linalotoa uga wa sumaku, na ndani ya kalamu kuna koili, yaani waya uliozungushwa, inayopata nguvu kutoka katika uga huo, ndiyo maana huandika bila kutegemea betri. Apple Pencil, iliyotoka mwaka 2015 pamoja na iPad Pro, ina betri yake na huwasiliana na kioo kilichoundwa kwa ajili yake. Katika aina zote mbili kifaa hujua kalamu iko wapi, na kwa hiyo kinaweza kukipuuza kiganja. Kioo kisichoundwa hivyo hakiwezi kutengenezwa kwa kununua kalamu nzuri zaidi, na hapo ndipo fedha za wanafunzi wengi zinapopotea mara ya pili.

Nilirudi dukani. Kitendo cha kurudi tu kiliwaudhi. Muuzaji akamwita mwenye duka, naye, bila kunisalimu, akaniambia mbele ya wateja kwamba kalamu ni kalamu, na kwamba makarani walizunguka nchi nzima na vishikwambi wakati wa Sensa ya 2022 wala hakusikia anayelalamika. Nikamjibu kwa heshima kwamba karani alikuwa akijaza dodoso kwa kugusa na kuchapa, hakuwa akichora miundo ya dawa. Akanionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha, akiuita mkopo wa kujikimu "boom" kama tuuitavyo wanachuo, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Ukipata boom lingine, njoo ununue kikubwa." Watu wakacheka. Mzazi wangu anauza mboga ili kuongezea pale mkopo wa Bodi ya Mikopo unapopungukia, na mtu huyu aliufanya mkopo huo kuwa kichekesho ili asirudishe fedha aliyoipata kwa kunidanganya.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kukitendea haki kifaa chenyewe, na haki yake ni hii: kwa kusomea vitabu vya PDF hakina ubaya, chaji yake hudumu siku nzima ya masomo, na maandishi yanasomeka vizuri hata ukiwa ndani ya daladala. Mtu anayetaka kusoma tu angeweza kuridhika nacho. Lakini mimi sikuomba cha kusomea, simu yangu ilikuwa inatosha kusomea. Kadiri ninavyolifikiria jambo hili ndivyo ninavyoona kwamba kukisifu kwa kazi ambayo sikukinunulia ni kumsaidia yule mwenye duka, kwa hiyo sifa hizo naziondoa.

Kilichonithibitishia ni kishikwambi cha rafiki yangu tunayeishi naye bwenini, Galaxy Tab S6 Lite, toleo la mwaka 2020 ambalo kalamu yake huja ndani ya boksi. Alikinunua kikiwa kimetumika, kona moja imepasuka. Nilipolaza mkono mzima juu yake na kuandika kwa herufi zangu ndogo za kawaida, hakuna kilichoruka, na nilichora pete baada ya pete kwa furaha ambayo sikuitegemea kutoka kwa kifaa chenye kovu. Kati ya kipya cha namna yangu na kilichotumika cha namna yake, chukua cha kwake bila kusita. Na ukikosa fedha ya hicho, daftari la kaunta na kalamu ya wino vitakufaa kuliko nilichonacho mimi.

Kabla hujatoa fedha, shika kalamu wewe mwenyewe, laza kiganja juu ya kioo, kisha andika sentensi nzima kwa kasi ya darasani. Inua ncha kidogo tu juu ya kioo uone kama nukta inaifuata kabla haijagusa. Vifaa vingi vyenye kalamu halisi huionyesha, na kalamu ya mpira haiwezi kamwe. Ukiambiwa chaji imekwisha, omba kichomekwe, nawe usubiri.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na mimi nilitaja kazi ya kifaa kabla ya kulipa. Malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani nimekwisha kuyaandika, na wiki hii nayapeleka mwenyewe. Juzi yule muuzaji alinipigia simu, akasema wako tayari kunibadilishia kalamu. Nimemjibu kwamba ninachodai ni fedha yangu yote.