Boga la uani: masika au vuli?

Hapa Tanga mbegu ya boga unaweza kuifukia masika, mwezi Machi, au vuli, mwezi Oktoba. Masika hubebi ndoo, na majani ya mboga utachuma mpaka ugawie majirani. Tabu ni matunda. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Mvua ikinyesha asubuhi nyuki hawatoki, na kile kiboga cha ukubwa wa ndimu nyuma ya ua jike kinageuka njano na kudondoka. Mwaka mmoja niliokota saba kando ya ukuta, wiki moja tu! Lililonusurika nalo likalalia tope, likaoza tumbo. Siku hizi natandika kuti chini yake.

Vuli mvua ni chache na haitabiriki, kwa hiyo utamwagilia, tena shinani. Lakini matunda yanashika. Boga huchukua siku 90 hadi 120, hivyo la Oktoba linavunwa Januari au Februari, jua kali, ganda gumu. Masika nimewaachia wanaotaka majani. Mimi ni wa vuli, hasa miaka hii Ramadhani inapoangukia Februari: boga la nazi la futari liko uvunguni tayari.