Kipima presha cha mkono nilichoingia nacho kwenye usaili wangu wa kwanza

Seti hii niliinunua siku chache baada ya kupata cheti cha mhudumu wa dharura, kabla sijajua nani ataniajiri. Ndani yake kuna kipima presha cha mkono chenye saa ya mshale, stetoskopu na kibegi cha zipu. Nimekaa nayo miezi minne, miwili nikitafuta kazi na miwili nikiwa kazini. Naipa nyota nne kati ya tano.

Mwenzangu mmoja wa darasani aliniuliza nanunua ya nini wakati kila gari la wagonjwa lina mashine yake. Nilimjibu kwamba naogopa. Kozini tulipima kwa mkono siku chache tu, chumba kimya, tukipimana sisi kwa sisi, vijana wazima ambao mapigo yao yanasikika bila shida. Kisha tukahamia kwenye mashine na hatukurudi nyuma tena. Halafu nikaanza kusoma matangazo ya kazi, na karibu kila moja lilitaka uzoefu wa mwaka mmoja. Uzoefu huo nisingeweza kuununua popote. Mikono na masikio yangu ningeweza kuvifanyia mazoezi.

Kila jioni nilimpima mtu: ndugu, majirani, yeyote aliyekubali kukaa dakika tano. Saa ya mshale ni nzuri kweli. Maandishi yake yanasomeka kwenye mwanga hafifu, na mpaka leo mshale unarudi kwenye sifuri kila ninapotoa hewa yote. Hilo likague hapo hapo dukani, maana mshale unaoanzia juu ya sifuri utakudanganya kwa kila mgonjwa. Valvu ya kutolea hewa ndiyo niliyoipenda zaidi. Inafunguka kidogo kidogo, kwa hiyo unaweza kushusha presha milimita mbili au tatu kwa sekunde kama inavyotakiwa, bila hewa kukukimbia.

Nyota niliyoikata ni ya mkanda, ule unaofungwa kwenye mkono wa mgonjwa na kujazwa hewa. Seti inakuja na saizi moja tu. Nilipompima mama, ambaye ana mikono minene, nilipata namba ya juu 158 na nikashtuka sana. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikarudi kwenye vitabu: mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa kuzunguka walau asilimia 80 ya mkono, na mkanda mdogo hupandisha namba. Nikanunua mkanda mkubwa, ambao unauzwa peke yake, nikampima tena akiwa ametulia, ikaja 134. Mtengenezaji angepaswa kuweka mikanda miwili tangu mwanzo. Kosa hilo likifanyika kwa mgonjwa, linaandikwa kwenye fomu na kumfuata hadi hospitali.

Maombi nilituma kumi na saba. Walioniita ni wawili, na wote kazi yao ni kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali hadi hospitali na kuwapeleka wale wa kusafishwa damu. Ukiwa mgeni, usiidharau kazi hii. Huko ndiko unakutana na wagonjwa wengi na kujifunza machela.

Kwenye usaili tulianza na maswali ya karatasi, tukaenda kwenye kufufua mdoli, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kisha kubeba machela kwenye ngazi. Mwisho msimamizi aliniingiza nyuma ya gari, injini ikiwa inanguruma, akamkalisha mfanyakazi mmoja kama mgonjwa. Mashine aliiondoa. Nikaomba kutumia kipima changu, akakubali.

Sikusikia kitu. Mrija wa stetoskopu hii ni mrefu na unapogusa nguo unakwaruza masikioni, hiyo nayo ni kasoro ya kweli. Nikaweka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, nikapandisha hewa mpaka mapigo yakapotea, nikaongeza 30, nikashusha polepole hadi yaliporudi chini ya vidole vyangu.

“Mia moja na kumi na sita kwa kugusa,” nikasema.

“Na namba ya chini?”

“Hiyo sijaisikia. Kwa kugusa haipatikani. Nikiruhusiwa, nitarudia injini ikizimwa.”

Akaandika kitu, akazima injini, nikarudia. Wiki iliyofuata nikaitwa kazini. Baadaye aliniambia wengi waliopita mbele yangu walimtajia namba ya chini bila kusita, na yeye mwenyewe, akiwa amesimama pale na stetoskopu nzuri kuliko zetu, hakuwa amesikia chochote.

Dada ninayefanya naye zamu amenionyesha vitu viwili ambavyo kozini hawakuvigusa: gari likiwa linatembea, inua visigino visikanyage sakafu, na mkono wa mgonjwa usiuegemeze kwenye chuma cha machela, maana mtikisiko unapitia hapo. Tangu hapo nasikia hata barabara ikiwa mbovu.

Kwa hiyo nunua, ila nunua na mkanda mkubwa siku hiyo hiyo. Stetoskopu unaweza kuibadilisha ukishapata mshahara. Mimi yangu nimeshaibadilisha, lakini saa na valvu ni zile zile, na mama bado nampima kila Jumapili.