Uzoefu wangu: rangi ya kopo kwenye CG ya mzee

Assalam aleikum wandugu. Mie nna pikipiki, Honda CG 125 ya marehemu mzee, ile ya kizamani ya taa duara. Imekaa uani kwetu Jang'ombe, Unguja, miaka imefunikwa turubai, na hilo turubai ndo lilonimaliza maana unyevu haukuwa na pa kutokea, nalifunua tangi lote kutu. Injini lakini, kiki tatu ikawaka! Hizi Honda wameanza kuzitoa 1976 na hazina cheni ya taimingi (ile ya ndani ya injini inayoendesha vali), si rahisi kufa.

Fundi kanitajia bei ya kupaka rangi nikacheka peke yangu. Nkenda zangu Darajani nkachukua makopo ya kupuliza ya ml 400, praima mawili, nyekundu mawili na klia moja, ile ya kung'arisha inayokuja juu ya rangi.

Kwenye fremu na bakuli la taa sina la kulalamika, rangi imeshika vizuri. Kazi yenyewe ipo kwenye msasa, ukishaacha kutu hata chembe basi hewa yetu hii ya chumvi itaitafuta tu. Nimeanza na namba 120, nkaja 240, praima ilipokauka nkaipitisha 400 na maji mpaka ukipitisha kiganja huskii kitu. Kupuliza ni shibiri moja hivi kutoka kwenye bati, nyembamba nyembamba, unangoja dakika kumi unarudia. Ukiwa na pupa inachuruzika. Mie ilichuruzika, na mbu akaja kufia humo humo.

Kosa jengine nlipuliza klia baada ya magharibi, na mchana mvua ilikuwa imepiga. Asubuhi naamka tangi jeupe kama limepakwa tui! Ni unyevu huo, unanasa ndani ya rangi. Nkaisugua kidogo na 1000, nkapuliza tena saa nne jua limeshachanganya, ikang'ara mashallah, bi mkubwa mwenyewe katoka ukumbini kuja kuangalia.

Sasa lililoniuma. Muuzaji nlimuuliza kabisa, hii inastahamili petroli? Kanambia wasiwasi ondoa, hiyo ya magari. Wiki ya pili nipo sheli, kijana kajaza mpaka ikamwagika kidogo pale mdomoni mwa tangi, nafuta na kitambaa, kitambaa chekundu. Nkiangalia rangi imejikunja kama utandu wa maziwa. Nilitamani nilie pale pale.

Baadae fundi mmoja wa rangi za gari ndo kanifahamisha, klia ya kopo la kawaida inakauka kwa hewa tu, petroli inaiyayusha. Ya tangi inatakiwa ile inayochanganywa na hadna, yaani dawa ya kuigandisha, hiyo ikishaganda petroli haiifanyi kitu. Ila msijaribu chumbani na vile vibarakoa vya kitambaa, hadna ina kemikali inaitwa isosayaneti, inaharibu mapafu. Mie tangi nimempa yeye anipulizie, na nilicholipa hata nusu ya ile bei ya mwanzo hakifiki.

Kwa hiyo makopo nayapa tatu kwa tano, mbili nimekata kwa ajili ya tangi. Nyekundu ya fundi imeiva kidogo kuliko ya kwangu, kwenye kivuli huoni ila juani bakuli la taa na tangi kila mtu na wake. Sirudii tena, nshachoka na msasa.