Vidonge vya butireti kwa afya ya utumbo: sayansi ni ya kweli, kipimo ni kidogo

Vidonge vya butireti huuzwa kwa ahadi ya kulisha ukuta wa utumbo mpana na kutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa, na miongoni mwa virutubisho vinavyonadiwa kwa ajili ya utumbo, ni vichache vyenye msingi wa kisayansi ulio imara kiasi hiki. Nimevitumia, nimevipasua ili kuona kilichomo, na nimesoma maelezo ya makopo yake kwa makini. Ninachokitathmini hapa ni aina hii ya bidhaa kwa ujumla, wala si kampuni fulani, na ninaipima kwa swali moja: yale ambayo butireti huyafanya inapoingia ndani ya seli za utumbo, je, kidonge kinaweza kuyatimiza?

Tuanze na seli zenyewe, kwa sababu thamani yote ya bidhaa imejengwa juu yake. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hazitegemei sana glukosi inayoletwa na damu. Mnamo 1980, Roediger alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya oksijeni ambayo seli hizo huitumia huenda katika kuunguza butireti, yaani asidi ya mafuta yenye mnyororo mfupi ambayo bakteria huitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Uchunguzi uliochapishwa 2011 kuhusu panya waliolelewa bila bakteria wowote uliunga mkono jambo hilo kwa namna ya kusikitisha: seli zao za utumbo mpana zilikuwa na njaa ya nishati kiasi kwamba zilianza kujila zenyewe, na zilipopewa butireti zikaacha.

Uunguzaji huo una faida ambayo maelezo ya makopo huitaja kwa nadra sana, ingawa kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Seli zinapotumia oksijeni nyingi kuunguza butireti, oksijeni kidogo sana ndiyo inayovuja kuelekea ndani ya utumbo, na kwa hiyo bakteria wasiopenda oksijeni, ambao wengi wao ndio watengenezaji wa butireti, huendelea kustawi. Dawa za antibiotiki zikiwaua, seli za ukuta hurudi kwenye glukosi, oksijeni huongezeka ndani ya utumbo, na jamii za bakteria zinazoweza kuitumia, salmonela wakiwemo, hupata nafasi ya kuzaana. Chaguo la mafuta ndani ya seli moja ya ukuta huamua ni wadudu gani watakaokabiliana na mfumo wa kinga upande wa pili.

Seli za kinga nazo hubadilika kulingana na kile zinachokiunguza. Seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, inapochokozwa ili ipigane, huongeza kwa kasi matumizi ya glukosi na kuivunja kwa njia ya mkato hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha, mtindo ambao Otto Warburg aliuona katika seli za saratani miaka ya 1920. Seli T zenye kazi ya kutuliza hutegemea zaidi mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na uunguzaji wa asidi za mafuta. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli, hufuata mkondo unaokaribiana na huo: zile kali huegemea glukosi, na zile zinazoponya tishu huegemea mitokondria. Butireti inaingia hapa kwa mlango wa ziada, kwa sababu huzuia vimeng'enya vinavyofunga jeni kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, na hivyo jeni ya Foxp3, inayoifanya seli T kuwa mtulizaji, hubaki wazi. Mwaka 2013 timu mbili, moja ya Japani na nyingine ya Marekani, zilionyesha kwa panya kwamba butireti inayotokana na bakteria huongeza seli hizo katika utumbo. Hadi hapo muuzaji yuko sahihi kabisa.

Sasa tukitazame kidonge chenyewe. Kwa kawaida ni ganda lililojazwa unga mweupe wa sodiamu butireti, na ukilipasua, harufu ya siagi iliyochacha hutoka mara moja na kung'ang'ania vidole hata baada ya kunawa kwa sabuni. Unga huo hunyonya unyevu wa hewa haraka, kwa hiyo kopo lisilofungwa vizuri hugeuza vidonge kuwa laini na vyenye kunata. Kopo nililolitumia lilikuwa na mfuniko mzuri na kifuko cha kukausha unyevu, jambo ninalolisifu kwa dhati, kwani vidonge vilibaki vikavu hadi cha mwisho.

Tatizo langu la kwanza ni kipimo. Utumbo mpana wa mtu mzima anayekula nyuzinyuzi za kutosha hukadiriwa kutengeneza milimoli (kizio cha kuhesabia kiasi cha kemikali) 400 hadi 600 za asidi za mafuta za mnyororo mfupi kila siku, na butireti huwa takriban sehemu moja ya tano au pungufu kidogo. Kidonge cha miligramu 600 za sodiamu butireti hutoa milimoli 5 na nusu hivi. Hata mtu akimeza vitatu kwa siku, bado yuko mbali sana na kile ambacho bakteria wake hukifanya bila kulipwa. Kulinganisha huku hakufanywi kwenye kopo lolote nililolisoma, nami naona ni wajibu wa muuzaji kuufanya ulinganisho huo.

La pili, ambalo ni zito zaidi, ni mahali kidonge kinapoyeyukia. Butireti isiyokingwa hufyonzwa mapema katika utumbo mwembamba, ikaishia ini, bila kuwafikia walengwa. Watengenezaji makini hufunika kidonge kwa utando unaostahimili asidi ya tumbo, lakini utando unaoyeyuka mara tu unapovuka tumbo bado humwaga mzigo mapema mno. Unaohitajika ni ule unaongoja mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Maneno "kinga dhidi ya asidi" kwenye kopo hayatofautishi mambo haya mawili. Aina ya tributirini, ambamo butireti tatu zimefungwa kwenye gliseroli, ina harufu hafifu zaidi na ni rahisi kumeza, lakini vimeng'enya vya kongosho huifungua katika utumbo mwembamba vilevile. Kama mtengenezaji haandiki utando wake huyeyukia wapi, ningeliacha kopo lake palepale lilipo.

Kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana maelezo yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko yale ninayoyakuta. Majaribio ya kupitisha butireti kwa enema, yaani kimiminika kinachoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, ambayo huifikisha moja kwa moja mahali pake, yamefanywa kwa miongo kadhaa. Machache ya mwanzo, yenye wagonjwa wachache, yalitia moyo, na yaliyofuata yakagongana. Kuna sababu ndani ya seli. Katika ugonjwa huo seli za ukuta huiunguza butireti kwa shida, kwa hiyo kuongeza mafuta hakuwashi tanuri lililoharibika. Tena utafiti wa 2016 ulionyesha kwa panya kwamba seli za juu za ukuta hula butireti na hivyo kuzikinga seli za shina zilizo chini, zinazozalisha seli mpya za ukuta, ambazo hupunguza kasi ya kugawanyika zinapoguswa nayo. Penye kidonda, seli za juu hazipo. Mgonjwa wa namna hiyo asianze kidonge hiki, na hasa asiache dawa zake, bila kuzungumza na daktari wake.

Kwa mtu mwenye afya aliyeweza kuongeza kunde, nafaka zisizokobolewa na mboga, sioni sababu ya kununua. Chakula hicho huwapa bakteria malighafi, nao huachilia butireti pole pole, mahali panapotakiwa, saa zote. Kwa mtu ambaye tumbo lake haliwezi kabisa kustahimili nyuzinyuzi, au aliyemaliza antibiotiki na akakubaliana na daktari kujaribu, kidonge chenye utando wa kuyeyukia mwishoni mwa utumbo mwembamba kinaweza kuwa na nafasi ya muda, na ndiyo aina pekee ninayoweza kuipendekeza. Mwenye shinikizo la damu azingatie pia kwamba miligramu 600 za sodiamu butireti hubeba takriban miligramu 125 za sodiamu, hivyo vidonge vitatu vinakaribia miligramu 375 kwa siku. Yeye atafute aina ya kalisiamu au magnesiamu.