Orval: Uzoefu Wangu wa Kuiweka Bia Moja kwa Miaka Mitatu

Nilinunua chupa 6 za Orval kwa siku moja, zote zikiwa na tarehe ileile ya kujazwa, maana lebo ya bia hii huonyesha siku hiyo pamoja na mwisho wa matumizi, ambao huja miaka 5 baadaye. Nilitaka kuhakikisha kwa ulimi wangu ubishi ninaousikia kila mara tangu nihamie Ubelgiji, kwamba ipi ni bora, changa au iliyokaa, ambako baadhi ya mikahawa humuuliza mteja kama anataka Orval changa au iliyokaa.

Bia hii hutengenezwa ndani ya abasia ya watawa Watrapisti, shirika la Kikatoliki, kusini mwa nchi, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1931 ili kusaidia gharama za kuijenga upya abasia iliyokuwa magofu. Ina kileo cha asilimia 6.2. Siri ya kubadilika kwake ni hamira ya pori iitwayo Brettanomyces, ambayo huendelea kufanya kazi ndani ya chupa, ikila taratibu sukari zilizoishinda hamira ya kawaida. Kwa hiyo utamu hupungua, gesi huongezeka na kileo nacho hupanda kidogo. Sisi tuliokulia Iringa tunaojua tofauti ya ulanzi, pombe ya mianzi, wa asubuhi na wa kesho yake hatuhitaji kuelezwa sana.

Chupa ya kwanza niliifungua ikiwa na miezi 2. Harufu ya maua ya hopsi, mmea unaoipa bia uchungu na harufu, ambayo hutiwa yakiwa makavu baada ya mchacho wa kwanza, ilitangulia kabla sijainua glasi: ganda la chungwa na majani mabichi, kisha uchungu uliobaki kooni muda mrefu. Ya miezi 6 sikuipenda, kwani hopsi zilikuwa zimefifia huku hamira ya pori ikiwa bado haijajitokeza vizuri. Ya mwaka mmoja ndiyo iliyonifanya niandike haya. Uchungu ulikuwa umelainika, ukali mdogo kama wa ndimu ulikuwa umeingia, na chini yake kulikuwa na harufu ya ngozi ya viatu vipya, ambayo kwa maneno haionekani kuwa sifa, lakini mdomoni inapatana na ule ukavu ajabu.

Chupa ya nne niliiharibu mwenyewe kwa kuiacha jikoni karibu na kipasha joto. Ilitoa ladha ya karatasi iliyolowa. Zilizobaki nilizisimamisha gizani, kwenye chumba cha chini ambacho hakizidi nyuzi 15. Nazisimamisha ili mashapo yatulie, maana katika mkahawa mmoja niliwahi kuletewa Orval ya baridi kali, imemiminwa hadi tone la mwisho, ikiwa na ukungu na haina harufu yoyote.

Ya miaka 3 ilipofunguliwa, povu lilipanda polepole kwenye ile shingo nyembamba likamwagika mezani, na nilisubiri dakika kadhaa kabla ya kupata bia ya kunywa. Ilikuwa kavu kabisa, yenye harufu ya zizi la farasi na nyasi kavu. Wapo wanaoitafuta hali hiyo kwa bidii. Mimi niliikosa harufu ya hopsi. Ya sita sitaingoja ifikishe miaka 5, na nitakazonunua tena nitazifungua zikitimiza mwaka.