Rubiki ya kuchezea barazani: kagua kona kabla hujatoa hela

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu ananunua mchemraba wa Rubik, ule wa rangi sita unaozungushwa hadi kila upande uwe rangi moja, anajifunza hatua zote, jioni anaupeleka barazani. Wenzake wanaupokezana: mmoja anamaliza nyeupe, mwingine anapanga safu ya kati, wa tatu anashughulika na njano. Mwisho kabisa inabaki kona moja. Imekaa mahali pake, ila rangi zimetazama kwingine. Wanavuruga, wanaanza upya, kona moja tena. Hapo ndipo lawama zinapoanza: fulani kakosea, video ya mafunzo ni ya uongo, wewe nawe ulikuwa unasoma meseji.

Hakuna aliyekosea. Kona imejipindua, yaani kipande chake kimezunguka palepale kilipo.

Mhungaria Ernő Rubik aliubuni mchemraba huu mwaka 1974, akiwa mwalimu Budapest. Una kona 8, vipande 12 vya ukingoni na 6 vya katikati visivyohama. Mipangilio yake ni 43 ikifuatwa na tarakimu nyingine 18, na tangu 2010 imethibitishwa kuwa wowote kati ya hiyo unamalizika kwa mizunguko isiyozidi 20. Lakini hayo yote ni kwa mchemraba mzima. Ukiuvunja vipande ukavirudishia ovyo, una nafasi moja tu kati ya 12 ya kupata unaotatulika. Na kona moja ikijipindua peke yake, hata mkeshe hadi alfajiri, hakuna mzunguko wa halali utakaoirudisha.

Zikibaki kona mbili, msikimbilie kuulaumu mchemraba. Kama moja inahitaji kuzungushwa kulia na nyingine kushoto, mchemraba hauna tatizo, endeleeni. Zikihitaji zote kwenda upande mmoja, kuna iliyojipindua. Na kikibaki kipande kimoja cha ukingoni kilichogeuka, basi kuna mtu aliufungua akaurudishia vibaya. Muulizeni mwenye watoto.

Kwa hiyo katika kuchagua wa kununua, kasi, ukubwa na urembo sitavigusa. Dukani fanya hivi: shika mchemraba, weka kidole gumba juu ya kona, jaribu kuizungusha palepale ilipo bila kukaza. Ikizunguka kirahisi, rudisha. Hata mchemraba mzuri ukiulazimisha kwa nguvu utapinduka, hilo sina ugomvi nalo. Ninaoukataa ni ule unaojipindua wakati watu wanacheza tu, maana ukipita mikono mitano hamtajua ilitokea saa ngapi.

Chaguo langu la kwanza ni RS3M wa 2020, wa kampuni ya MoYu, na sifichi kwamba naupendelea. Una sumaku ndani, kila upande ukizungushwa unajivuta hadi unakaa sawa, kwa hiyo hata mwenye mkono mzito hauachi nusunusu. Na nusunusu ndiyo inayopindua kona. Ukianza kulegea, bandua kifuniko cha kipande cha katikati, utaona skrubu. Kaza kidogo kwa bisibisi ndogo, pande zote sita kwa kiasi kilekile. Hauna stika, rangi ni plastiki yenyewe, hakuna cha kubanduka. Mchemraba wa kuchezewa na wengi unataka nini zaidi?

Wa pili, QiYi Warrior S. Hauna sumaku, ila skrubu zipo. Kama RS3M haupatikani ulipo, chukua huu, usihangaike.

Wa tatu, Rubik's wenyewe, wenye jina. Matoleo ya miaka ya karibuni yana vibao vya plastiki badala ya stika, jambo jema. Ni zawadi nzuri kwa mtoto wa dada yako. Kwa baraza, hela yake naipeleka kwa MoYu.

Mchemraba wa GAN ni wa wanaoshindana na saa. Baraza letu halina saa.

Ile isiyo na jina, inayouzwa pamoja na vifuniko vya simu: chukua kama unataka pambo la mezani. Ukiwasha taa jioni, nyekundu na rangi ya chungwa hazitofautiani.

Sasa wauzaji. Kwanza, mchemraba unafungwa kwenye plastiki ngumu, ukiomba kuujaribu unaambiwa ukifungua umenunua. Halafu ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa kona nitaikagua kwa macho? Wengine wanauza uliokwisha kuchezewa, stika zimebandikwa upya ili uonekane umetatuliwa. Pitisha kucha kwenye ncha za stika. Ikinyanyuka na gundi inanata kidoleni, mrudishie wake. Mbaya zaidi, stika zikihamishwa hovyo unaweza kupata kipande chenye nyeupe na njano pamoja, wakati kwenye mpangilio wa kawaida rangi hizo hukaa pande zinazopingana na haziwezi kukutana.

Na wa mtandaoni, jamani. Picha ya MoYu, maelezo ya MoYu, ukiuliza bei: "njoo inboksi". Unaenda inboksi, anakuuliza kwanza uko wapi. Ukitaja mtaa wa wenye nafasi, bei inapanda. Rafiki yangu wa Mbagala, uswahilini Dar, alitajiwa pungufu kwa mchemraba uleule, siku ileile. Siku hizi nikiulizwa niko wapi, najibu Mbagala.